Jicho Lisilouma Nalo Lipimwe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Jino likioza, mwenye jino hukesha usiku kucha, na kunapopambazuka yeye ndiye wa kwanza mlangoni pa zahanati. Jipu likiiva halimpi mtu nafasi ya kuketi. Mwiba wa mguuni humchechemesha mtu mzima mbele ya watoto, wala asione haya. Maumivu, pamoja na ubaya wake wote, ni mjumbe mwaminifu. Hubisha hodi kabla nyumba haijateketea.

Jicho nalo lina mjumbe wa namna hiyo, lakini mjumbe huyo amewekwa mlangoni tu. Punje ya mchanga ikigusa uso wa jicho, machozi hububujika na kazi husimama. Kule ndani, kwenye ukuta wa nyuma ambako sura ya dunia hupokelewa, hakuna mjumbe. Ukuta huo huitwa retina. Waweza kuvuja damu, kuvimba, kuungua au kusinyaa kwa miaka mingi, na mwenye jicho asihisi hata mwasho. Hilo ndilo jambo lililo zito kuliko yote yatakayosemwa hapa leo, kwa sababu watu wengi, na wasomi wakiwamo, huamini kwamba jicho lisilouma na linaloona ni jicho zima.

Uchukuliwe mfano ambao walimu wengi wanaukumbuka. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kushuhudia jua likipatwa hata likabaki kama pete ya moto angani. Mtu anayelitazama jua la namna ile kwa macho matupu haungui kope wala halii kwa uchungu. Hurudi nyumbani akisimulia maajabu. Ni baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, ndipo huona doa limekaa katikati ya kila anachokitazama: katikati ya uso wa mkewe, katikati ya neno analolisoma. Doa hilo ni alama ya kuungua kwa retina. Wengine hupata nafuu baada ya miezi, na wengine hubaki nalo maisha yao yote.

Jua litapatwa tena tarehe 2 Agosti 2027. Litafunikwa kabisa katika sehemu za nchi kama Misri na Saudi Arabia, na kwa kiasi tu huku Afrika Mashariki. Na kupatwa kwa kiasi ndiko kunakohadaa zaidi, maana kipande cha jua kilichobaki wazi kina nguvu ile ile ya kuunguza. Miwani ya jua ya dukani haitoshi. Kioo kilichopakwa moshi wa kibatari hakitoshi, wala picha kuukuu ya eksirei. Kadibodi iliyotobolewa tundu dogo, mwanafunzi akilipa jua mgongo na kuuacha mwanga upite tunduni na kuanguka juu ya karatasi nyeupe, humwonyesha umbo la jua lililomegwa pasipo hatari yoyote. Ni somo la fizikia lisilogharimu hata senti.

Sasa yafaa kueleza retina ni kitu gani. Ni utando mwembamba, unene wake ukikaribia robo ya milimita, uliotandikwa ndani ya jicho upande wa nyuma. Ndani ya utando huo mna chembe hai zaidi ya milioni 100 zinazohisi nuru. Zilizo nyingi zina umbo la fito, na kazi yake ni kuona penye giza na kuona pembeni. Zilizo chache, zipatazo milioni 6, zina umbo la koni, nazo huona rangi na vitu vidogo vidogo. Hizi za pili zimesongamana zaidi katikati, kwenye eneo lisilozidi milimita tano hivi kwa upana, liitwalo makula au doa la njano. Kusoma jalada, kusahihisha insha, kumtambua mtu kwa sura yake, kutunga uzi kwenye sindano, zote ni kazi za eneo hilo dogo. Mtu akilipoteza hilo huweza kutembea sokoni bila kugonga meza za wauza nyanya, lakini hawezi kuisoma bei.

Kwa asili yake retina ni tawi la ubongo lililochomoza mpaka ndani ya jicho, na kama ilivyo kwa ubongo, chembe zake zikifa hazioti tena. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati yake na mtoto wa jicho, na ni tofauti ambayo haijaeleweka vya kutosha. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi. Lenzi hiyo hutolewa, ikawekwa nyingine ya kutengenezwa, na kesho yake bibi aliyekuwa akiongozwa kwa mkono anawahesabu wajukuu mmoja mmoja. Mafanikio hayo, ambayo ni ya kweli na ya kushukuriwa, yamewajengea wengi imani kwamba kila upofu una upasuaji wake, na kwamba mtu anaweza kungoja hata aone giza ndipo atafute nauli ya kwenda hospitali. Retina haina ya badala. Mengi ya matibabu yake hulinda kilichobaki. Kilichokwisha kufa hayakifufui.

Miongoni mwa watu walio katika umri wa kufanya kazi, adui mkubwa wa retina ni kisukari. Sukari ikikaa nyingi katika damu kwa miaka, kuta za mishipa midogo kabisa hulegea. Mishipa hufanya vivimbe kama mpira wa baiskeli uliochoka, huvuja maji na mafuta, kisha damu. Baadhi huziba, na sehemu za retina zikakosa hewa. Jicho hujaribu kujiokoa kwa kuotesha mishipa mipya, lakini mishipa hiyo ni dhaifu na huota mahali pasipostahili. Hupasuka, ikajaza damu ndani ya jicho, au huacha makovu yanayoivuta retina na kuibandua ukutani. Yote haya yaweza kuendelea huku mtu akisoma mstari wa mwisho wa ubao wa kupimia macho. Siku anayolalamika kwamba anaona utando wa buibui mbele yake ni siku ya kupasuka kwa mshipa, na ugonjwa wenyewe ulianza zamani.

Kwa sababu hiyo kanuni inayofuatwa mahali pengi kwa mgonjwa wa kisukari haisemi aende kwa daktari wa macho anapoona vibaya. Yasema apimwe nyuma ya jicho walau mara moja kila mwaka, aone asione. Na mama mwenye kisukari akishika mimba apimwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa mimba huweza kuuharakisha ugonjwa huo. Tangu mwaka 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alipotangaza chombo chake cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai, hakuna sababu ya kitaalamu ya kungoja dalili. Siku hizi zipo kamera zinazopiga picha ya retina kwa dakika chache, na picha hizo huweza kusomwa na mtaalamu aliye mbali. Mkoani Kilimanjaro umekuwapo mpango wa kuzifuata kliniki za kisukari na kamera ya namna hiyo, badala ya kuwangoja wagonjwa wote wafike Moshi. Busara ya mpango kama huo iko wazi: mgonjwa wa kisukari tayari anayo siku yake ya kliniki, tayari amelipa nauli, tayari ameketi kwenye benchi. Kumwambia arudi siku nyingine, mji mwingine, kwa ajili ya jicho lisilomsumbua, ni kumwambia asije.

Lakini upo uzito mwingine ambao si wa hospitali. Ili nyuma ya jicho ionekane vema, mara nyingi hutiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa mgonjwa huona ukungu wa karibu na mwanga humchoma. Hafai kuendesha pikipiki siku hiyo wala kusahihisha madaftari. Basi huomba ruhusa. Na huko ofisini husikika maneno ya kejeli: anaomba ruhusa ya kupimwa macho, na fomu ya ruhusa ameijaza mwenyewe bila miwani! Mkuu wa shule au afisa utumishi anayesema hivyo hana nia mbaya. Anafuata tu ile imani kwamba kinachoona ni kizima. Hata hivyo siku moja ya ruhusa kwa mwaka haiwezi kulinganishwa na miaka kumi au kumi na mitano ya utumishi ambayo mwalimu wa miaka arobaini na mitano bado anayo mbele yake.

Kinga ya kwanza iko mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, na imethibitishwa. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa wanaotegemea insulini. Miongoni mwa waliokuwa hawajaathirika macho, wale waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya kuanza kuharibika retina kwa asilimia 76. Miaka mitano baadaye, mwaka 1998, utafiti wa Uingereza ukaonyesha kwamba kwa wenye kisukari cha ukubwani walio pia na shinikizo la damu, kulidhibiti shinikizo hilo kuliupunguza ugonjwa wa retina kuendelea kwa kiasi cha theluthi moja. Maana yake ni kwamba kidonge cha presha ni dawa ya macho. Mtu anayekiacha kwa sababu kichwa kimeacha kuuma anaacha na macho yake.

Ugonjwa ukishafika mbali, ipo miale ya leza. Mwaka 1976 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba leza ikipigwa kwa wakati kwenye retina iliyoota mishipa mibaya hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupoteza kuona kabisa. Hapa hapana budi kusema ukweli mchungu. Leza huunguza kwa makusudi sehemu za pembeni za retina ili sehemu ya katikati isalimike. Mgonjwa hatoki akiona vizuri zaidi ya alivyoingia. Pengine hutoka akiona pungufu kidogo gizani na pembeni. Asipoelezwa hayo mapema, hurudi kijijini na habari kwamba amemulikwa akaharibiwa, na wagonjwa kumi waliokuwa wakijiandaa kwenda hubaki nyumbani. Uvumi wa namna hii hauondolewi kwa kumcheka anayeueneza. Huondolewa na tabibu aliyetumia dakika tano kumweleza mgonjwa, kabla hajamkalisha kwenye kiti, ni nini atakipoteza na ni nini atakiokoa.

Tangu mwaka 2006 njia nyingine imeenea duniani: dawa zinazochomwa ndani ya jicho kwa sindano nyembamba ili kuzuia mishipa mibaya isiote na kukausha uvimbe wa doa la njano. Hizi, tofauti na leza, mara nyingine humrudishia mtu sehemu ya kuona kwake. Neno sindano ya jicho huwakimbiza watu, na si ajabu. Lakini jicho hutiwa ganzi kwanza, na kazi yenyewe huisha upesi. Kikwazo kikubwa kimekuwa bei. Dawa iliyotengenezwa mahususi kwa jicho ilikuwa ghali mno. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani uliilinganisha na bevacizumab, dawa ya saratani inayogawanywa katika vipimo vidogo, na kukuta kwamba kwa wazee wenye kuharibika doa la njano zote mbili zililinda uwezo wa kuona kwa kiwango sawa, ilhali bei zake zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza hiyo ya bei nafuu katika orodha yake ya dawa muhimu. Sindano hizi hurudiwa, mara nyingi kila mwezi hapo mwanzo. Anayechomwa moja, akaona nafuu na kutoweka, amefanya kazi nusu, na nusu ya kazi hii hupotea yote.

Ugonjwa wa pili ni wa uzee. Doa la njano huchakaa, na mtu aliyepita miaka hamsini au sitini huanza kuona mistari iliyonyooka ikipinda: fremu ya mlango, nguzo ya umeme, mstari wa daftari. Jicho moja likiwa bado zima humfichia mwenzake, na mtu huweza kuishi na jicho bovu mwaka mzima pasipo kujua. Kipimo cha kujichunguza nyumbani kilibuniwa na daktari wa Uswisi, Marc Amsler, nacho ni karatasi yenye miraba midogo na nukta katikati. Walimu wana kipimo kinachofanana nacho mikononi kila siku. Mtu achukue daftari la hesabu lenye miraba, atie nukta moja ya wino katikati ya ukurasa, avae miwani yake ya kusomea, alishike umbali wa kiasi cha sentimita 30, afunike jicho moja kwa kiganja na kuikazia macho ile nukta. Kisha jicho la pili. Mistari ikionekana imepinda au imefutika mahali, basi aende hospitali wiki ile ile, asingoje likizo. Mistari ikiwa imenyooka, kipimo hicho hakimwondolei mgonjwa wa kisukari wajibu wa kupimwa na mtaalamu.

Kuhusu vidonge vinavyouzwa kwa jina la dawa ya macho, ukweli una mipaka yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mchanganyiko maalumu wa vitamini C na E, madini ya zinki na shaba, na kiini cha vitamini A, ulipunguza kwa karibu robo hatari ya ugonjwa wa doa la njano kufikia hatua mbaya, kwa wale waliokwisha kufikia hatua ya kati. Mwaka 2013 mchanganyiko huo ulirekebishwa, kwa kuwa kile kiini cha vitamini A kilikuwa kikiongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Vidonge hivyo havikuonyesha kumkinga mtu ambaye ugonjwa haujaanza, wala si tiba ya kisukari, wala havirudishi kilichopotea. Anayevinadi kwenye kituo cha mabasi kwa kila mwenye macho anauza matumaini kwa chupa. Kuacha sigara hakuuzwi kituoni, lakini faida yake kwa doa la njano ni kubwa kuliko ya chupa hizo.

Upo ugonjwa wa tatu unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi na walimu kuliko na madaktari, kwa kuwa wao ndio huuona kwanza. Kitaalamu huitwa retinitisi pigmentosa, na hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 4,000. Huu ni wa kurithi. Zile chembe za umbo la fito hufa polepole, tangu utotoni au ujanani. Kwanza mtoto haoni gizani. Baadaye upeo wake hupungua kutoka pembeni, hata akawa kama mtu anayeitazama dunia kupitia bomba. Mtoto huyo husoma maandishi ya ubaoni vizuri kabisa, kisha akikimbia uwanjani hugongana na mwenzake aliye kando yake. Hukanyaga ndoo iliyo miguuni pake. Jioni, wenzake wakichota maji, yeye hukataa kwenda. Shuleni huitwa mzembe, nyumbani huitwa mkaidi, na viboko hufuata. Akikua na kuajiriwa, hujikwaa ngazini jua linapozama, na maofisa wenzake husema fulani siku hizi anakunywa. Wengine huutafuta mchawi. Hutokea wazazi wote wawili wakawa wanaona vizuri, kila mmoja akiwa amebeba jeni iliyojificha, na uwezekano huo huongezeka ndugu wa damu wanapooana. Mama hulaumiwa peke yake kwa urithi uliotoka kwa wawili.

Mtoto asiyeona gizani apelekwe kupimwa upesi, kwa sababu si kila asiyeona gizani ana ugonjwa huu. Ukosefu wa vitamini A nao huleta upofu wa usiku, na huo hutibika kwa vitamini yenyewe, tena haraka. Papai, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, matembele, kisamvu, maini, na mawese ya Kigoma vina hazina ya vitamini hiyo. Lakini mwenye retinitisi pigmentosa hata akila bustani nzima hataponywa, na kumpa vitamini A kwa wingi pasipo daktari ni kumpa sumu ya ini. Mwezi Desemba 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya jeni kwa ajili ya retina. Hufaa kwa wale tu ambao jeni moja maalumu, iitwayo RPE65, imeharibika kwa pande zote mbili za urithi, na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Mlango umefunguliwa, ila ni mwembamba sana bado. Hata hivyo, mwenye ugonjwa huu huweza pia kupata mtoto wa jicho au uvimbe wa doa la njano, mambo ambayo yana matibabu. Kwa hiyo kumwambia kwamba hakuna la kufanya na asirudi tena ni kosa.

Ziko dawa ambazo zenyewe hudhuru retina zikitumiwa muda mrefu. Watu wazima wanaikumbuka klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania hadi mwaka 2001. Dozi ya siku tatu haikumpofusha mtu. Lakini dawa hiyo na ndugu yake, haidroksiklorokwini, hutolewa kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa baridi yabisi na lupasi, na hapo huweza kulichimba doa la njano kimyakimya. Anayezitumia asiziache kwa hofu. Apimwe retina anapoanza, na baada ya miaka mitano apimwe kila mwaka. Simu na kompyuta, ambazo wengi huzisingizia, huchosha macho na kuyakausha, lakini hakuna ushahidi kwamba mwanga wake huiua retina.

Dalili moja tu katika mambo haya yote hupiga kelele, nayo haipaswi kupuuzwa hata usiku mmoja: mimweko ya ghafla kama ya kamera pembeni mwa jicho, mvua ya vitone vyeusi, kisha kivuli kama pazia kinachoshuka au kupanda. Hiyo ni retina inabanduka. Huwapata zaidi wenye miwani mizito ya kuona mbali, na waliopigwa jichoni. Ikishonwa kabla doa la njano halijabanduka, macho huokoka. Zikipita wiki, mtaalamu mwenyewe hubaki kutikisa kichwa. Mtu wa namna hii asipewe matone ya duka la dawa wala barua ya kuonana na daktari mwezi ujao. Apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye wataalamu wa macho, kama vile Muhimbili au CCBRT jijini Dar es Salaam, au KCMC mjini Moshi.

Linabaki suala la yule ambaye retina yake imekwisha kuharibika licha ya yote. Ndugu walimu na watumishi, huyo hajamaliza kazi yake duniani. Shule ya Wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950, na tangu hapo nchi hii imepata walimu na wanasheria wanaosoma kwa ncha za vidole. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Ni nadra lakini sheria hiyo kukumbukwa kwa ajili ya mtumishi ambaye tayari yumo ofisini, ambaye alikuwa mhasibu hodari mwaka jana na mwaka huu haoni tarakimu. Huyo kwa kawaida huficha. Hukariri majalada, humwomba kijana wa masijala amsomee barua kwa kisingizio cha kusahau miwani, hukwepa safari za jioni. Hufanya hivyo kwa sababu anajua kwamba siku akisema, kitakachofuata ni barua ya kumstaafisha kwa maradhi.

Afisa utumishi mwenye mtu kama huyo ana mambo ya kumfanyia kabla ya kuiandika barua hiyo. Ampeleke kwenye kliniki ya wenye uoni hafifu, ambako mhasibu aliyepoteza doa la njano hupewa lenzi ya kukuza, taa ya mezani iliyo mahali pake, na mafunzo ya kutumia pembe ya jicho iliyobaki. Kompyuta yake iwekewe herufi kubwa nyeupe juu ya weusi, au programu inayosoma maandishi kwa sauti. Mwalimu anayepoteza pembeni abadilishiwe ratiba asifundishe vipindi vya jioni, apangiwe chumba kisicho na ngazi, na ngazi zilizopo zipakwe chokaa ukingoni. Aanze kujifunza nukta nundu na fimbo nyeupe wakati bado anaona, maana ni rahisi zaidi kujifunza njia mchana kabla ya kuipita usiku. Na watoto wake, kama ugonjwa ni wa kurithi, waitwe wapimwe, hata yule anayesema yeye anaona vizuri.